Meza ya Chumba Namba Tisa

Mtaka cha mvunguni asiiname. Akiinama tu, watu watamdhania benchi, watamkalia, na kile cha mvunguni kitabaki hukohuko kikimcheka. Msasa aliijua hekima hii siku ya Alhamisi, kabla ya saa saba mchana, ndani ya jengo la ghorofa tatu lenye harufu ya wino na dawa ya sakafu. Ila alipoijua alikuwa amekwisha kuinama mpaka kiuno kinamlilia.

Msasa si jina alilopewa na wazazi wake. Alibandikwa karakanani miaka kumi na moja iliyopita, alipoingia kama kibarua wa kufagia maranda na kabla ya mwaka kwisha akawa fundi wa mwisho. Fundi wa mwisho ndiye anayeipokea meza wenzake wakishapima, wakishakata na wakishagongelea, akaisugua kwa msasa mpaka iwe laini kama shavu la mtoto, kisha akaipaka vanishi. Fundi Mkuu, mzee mwenye vumbi la mbao masikioni na ulimi usio na breki, alimfundisha kazi kwa sentensi moja tu: "Jicho hudanganywa na mwanga, kidole hakidanganywi." Basi Msasa hufumba macho, akapitisha ncha za vidole juu ya ubao na kuwinda vibanzi kama mtu anayemtafuta chawa kichwani mwa ndugu yake.

Karakana ile ina desturi yake. Vanishi ya upande wa chini wa meza ikiwa bado mbichi, fundi wa mwisho hubonyeza hapo kidole gumba cha kulia.

"Msidhani ni urembo," Fundi Mkuu hupenda kusema. "Ni ili meza ikirudi na malalamiko nijue wa kumfokea."

Meza za Msasa hazikuwahi kurudi.

Sasa mtoto wake wa pekee, msichana wa miaka sita aliyeitwa Njiti kwa wembamba wake, alikuwa amelazwa katika hospitali ya nchi ya mbali. Moyo wake ulikuwa na tundu. Upasuaji ulipangwa Jumatatu saa moja asubuhi, na madaktari walisema wazi kwamba hawashiki kisu mpaka mzazi aweke sahihi kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya macho yao. Baba yake Njiti alikwisha kufariki. Aliyekuwa na mtoto huko ni bibi yake, mama mzazi wa Msasa, na sahihi ya bibi haikukubalika. Nafasi ya Jumatatu ikipotea, nyingine ilikuwa baada ya miezi minne, na daktari alipoulizwa kama moyo ule utasubiri miezi minne, aliangalia viatu vyake.

Msasa alipaswa kusafiri nao wiki iliyopita. Alifika uwanja wa ndege na sanduku lake na pasipoti yake aliyoitunza ndani ya soksi. Kijana wa kaunta akaifungua, akaona imebakiza miezi mitatu, akatikisa kichwa: huko waendako hawapokei pasipoti yenye chini ya miezi sita. Njiti akapita na bibi yake. Msasa akabaki upande huu wa kioo akipunga mkono, anacheka kwa mdomo na kulia kwa tumbo.

Hiyo ndiyo safari iliyomleta ofisi ya pasipoti. Tiketi mpya ilikuwa ya Jumamosi. Barua ya hospitali alikuwa nayo, cheti cha kuzaliwa alikuwa nacho, picha nne alikuwa nazo. Alikuwa pia amefanya jambo moja kwa heshima ya ofisi, na jambo hilo ndilo lililomponza.

Jumatano, alipomaliza kabati la mwisho, alitazama vidole vyake akaona haya. Vanishi ilikuwa imeganda nchani, ya kahawia, imekakamaa kama ganda la kidonda. Ataendaje mbele za wakubwa na vidole kama vya mtu aliyekuwa akichimba makaa? Akajaribu sabuni, akajaribu mafuta ya taa. Haikutoka. Ndipo akafanya ambalo hakuna mtu duniani angelifanya isipokuwa fundi wa mwisho: alichukua kipande cha msasa laini kabisa, ule wa kumalizia, akasugua ncha za vidole vyake kumi, kimoja baada ya kingine, mpaka vikang'aa.

"Haya," Fundi Mkuu alimtania. "Sasa vipake na vanishi tukuuze."

*

"Kidole cha shahada, mkono wa kulia. Bonyeza."

Mwanamke wa dirisha la nne alikuwa na miwani iliyofungwa kwa mnyororo shingoni. Msasa alibonyeza kioo kidogo cha mashine. Taa nyekundu ikawaka.

"Bonyeza vizuri, mama. Hakiumi hicho."

Nyekundu.

"Futa jasho."

Alifuta kwenye kanga. Nyekundu. Wakajaribu kidole cha kati, cha pete, cha mwisho. Wakahamia mkono wa kushoto. Mashine ilitoa mlio uleule kila mara, mfupi, kama mtu anayefyonya. Nyuma ya Msasa foleni ilianza kuguna.

"Jamani, sisi wengine tuna kazi!" mtu alisema.

"Mwacheni, labda vidole vyake vina aibu," mwingine akajibu, na watu wakacheka.

Mama wa Miwani hakucheka. Alimshika Msasa mkono, akaugeuza kiganja juu, akavua miwani, akaivaa tena.

"Una nini kwenye vidole?"

"Sina kitu, dada."

"Ndicho ninachokiona. Huna kitu. Hakuna hata mstari mmoja." Akasogea karibu na kioo. "Umevifanya nini?"

Msasa alilelewa kusema kweli mbele ya mtu mwenye muhuri. Kweli ikamtoka kabla hajaipima.

"Nilivipiga msasa. Jana."

Mtu aliyekuwa akicheka alisogea nyuma hatua moja, kana kwamba jambo hilo laweza kuambukiza.

"Ulivipiga msasa," Mama wa Miwani alirudia polepole. "Siku moja kabla ya kuja kuchukuliwa alama za vidole."

"Nilitaka viwe safi."

Akiwa anasema hivyo alisikia jinsi sentensi ile inavyonuka. Mama wa Miwani aliichukua pasipoti ya zamani, akaichomeka ndani ya faili jembamba, akasimama.

"Dada, hiyo naomba nibaki nayo—"

"Ngoja hapo."

Pasipoti ikaondoka. Msasa aliiona ikipita nyuma ya kioo, ikavuka mlango, ikapotea. Mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa.

Mlinzi mwenye rungu alikuja kumchukua. Hakumshika. Alitembea tu nyuma yake, karibu sana, mpaka ghorofa ya tatu.

"Nimekosa nini, kaka?" Msasa aliuliza kwenye ngazi.

"Mimi nalinda mlango tu, mama."

"Lakini umeshawaona wengi wakipandishwa."

"Wengi," mlinzi alisema.

*

Nje ya chumba namba tisa kulikuwa na benchi, na juu ya benchi alikaa mzee mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likawa na kona, bahasha ya plastiki mapajani.

"Karibu, mwanangu. Mimi ni mwalimu wa hesabu, mstaafu. Wewe umekosa nini?"

"Vidole."

"Afadhali. Mimi kompyuta yao inasema nilifariki miaka mitatu iliyopita. Hii ni mara ya tano nakuja kukanusha. Leo nimeleta barua ya mke wangu kuthibitisha kwamba bado namsumbua."

Msasa alijaribu kucheka, ikatoka pumzi peke yake.

"Humo kuna nini, mwalimu?"

"Humo kuna Mkaguzi. Ukiingia na faili jembamba unatoka na faili nene." Mwalimu aliinamisha kichwa, akashusha sauti. "Nikwambie jambo. Faili likishaingia humo, halitoki bila barua ya radhi. Ndio utaratibu wao. Kosa liwe lako, liwe la mashine, liwe la panya, wewe ndiye wa kuomba radhi. Mimi mara ya kwanza nikaona ni jambo dogo. Nikaandika: naomba radhi kwa usumbufu uliotokana na kufariki kwangu."

"Ukaandika hivyo kweli?"

"Kwa mwandiko mzuri! Nilifundisha miaka thelathini na sita. Niliporudi mara ya pili wakaniambia: ahaa, mzee, lakini hapa wewe mwenyewe umekiri kwamba ulifariki." Aliigonga bahasha. "Barua yenye sahihi haina utani, mwanangu. Uitazame kabla haijakutazama."

Simu ya Msasa ikatetema. Namba ilikuwa ya mbali, ya mama yake. Ila sauti ilikuwa ya Njiti, nyembamba, yenye kupumzika kila baada ya maneno machache kama mtu anayepanda ngazi.

"Mama, umeshapata kitabu?"

"Karibu, mama'angu. Nipo mlangoni."

"Wamenipa gauni. Halina mgongo. Bibi anasema fundi aliishiwa kitambaa."

"Mwambie bibi akufunike shuka."

"Nilale mara ngapi ndio uje?"

Msasa alihesabu, ingawa alikwisha kuhesabu mara mia. "Mara tatu."

"Ukichelewa wataningoja?"

Mlango wa chumba namba tisa ulifunguka na sauti ikaita namba ya faili lake. Msasa alisema "Nakupigia," akakata, na swali la mtoto likabaki sikioni kama maji ya kuoga.

*

Chumba kilikuwa kikubwa kuliko alivyotarajia na kitupu kuliko alivyotaka. Kabati la chuma, dirisha lenye nondo, kiti kimoja cha mgeni, na meza ndefu ya mbao ngumu, imejaa mafaili. Nyuma ya meza alikaa mzee mnene aliyekaribia kustaafu, na mto nyuma ya kiuno. Hakuinua macho. Aliigeuza kompyuta yake ili Msasa aone.

Kiooni kulikuwa na alama moja ya kidole gumba, kubwa kama sahani. Mistari ilizunguka na kuzunguka, ikaingia ndani, kama maji yanayotafuta shimo la kutokea.

"Huyu ndiye mwenye pasipoti," Mkaguzi alisema. "Wewe ni nani?"

Mtu hupata maswali mengi maishani, lakini hilo Msasa hakuwahi kuulizwa na mtu aliyelimaanisha.

"Ni mimi, mzee. Hicho ni kidole changu."

"Lete."

Alimpa kidole gumba. Mkaguzi alikishika chini ya taa, akakizungusha kama mtu anayechagua nyanya.

"Hiki hakina kitu."

"Kililika, mzee. Kazi yangu ni—"

"Umesema dirishani ulikisugua jana. Imeandikwa." Aliifungua pasipoti. "Na usinionyeshe picha. Hii ni ya miaka kumi, na watu hufanana. Nimeona hapa mtu na dada yake wakitumia kitabu kimoja miaka sita. Nimeona waliochoma vidole kwa asidi kwa sababu walikuwa na kesi mahali. Nimekaa na alama za vidole miaka ishirini na saba, mama. Anayefuta vidole vyake ana jambo analolifuta."

"Mtoto wangu anapasuliwa moyo Jumatatu."

"Nimesoma barua." Kwa mara ya kwanza alimtazama, na macho yake hayakuwa mabaya. Yalikuwa yamechoka, na hilo lilimtisha Msasa zaidi, kwa sababu mtu mbaya unaweza kumlilia akaona raha, lakini aliyechoka hata machozi humwongezea kazi. "Nikikosa kuridhika, faili hili linakwenda kwa wapelelezi. Wiki sita. Wakiwa na kazi nyingi, nane. Na pasipoti inabaki nao."

Wiki sita. Msasa alishika ukingo wa meza ili asianguke kitini.

"Au," Mkaguzi alisema, akatelezesha karatasi nyeupe na kalamu iliyofungwa kwa uzi, "unaandika barua ya radhi, naiambatanisha, halafu tunaona. Andika. Mimi, mwenye jina na sahihi hapo chini."

Msasa aliandika. Herufi zilikuwa zinapanda na kushuka.

"Nakiri kwamba niliharibu alama za vidole vyangu."

Aliandika.

"Kwa makusudi."

Aliandika *kwa maku*, kalamu ikasimama. Alimsikia mwalimu nje akikohoa. *Wewe mwenyewe umekiri.* Akiimaliza sentensi ile, huyu mzee ataipeleka wapi? Hakusema atapiga muhuri. Alisema tutaona. Na asipoiandika? Njiti amelala na gauni lisilo na mgongo, anahesabu usiku. Alitaka mama yake. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika kalamu. Wa kushoto, usio na kazi, ulikuwa umefanya kile ambacho mkono wa fundi hufanya kila unapoachwa peke yake karibu na meza: ulikuwa umeingia chini, unapapasa.

Vidole visivyo na mistari havisomwi na mashine, lakini vyenyewe husoma kila kitu. Vilipita kwenye ubao wa chini, vikahisi vanishi nene iliyopakwa mara mbili, vikahisi kona iliyosuguliwa mviringo kwa mkono badala ya mashine. Kona ile aliijua. Karakana moja tu ndiyo iliyokuwa ikizungusha kona za chini, mahali ambapo hakuna anayeona, kwa sababu Fundi Mkuu alisema magoti ya watu nayo yana haki. Akajikumbusha: meza sita, ndefu, za ofisi ya serikali, mwaka wake wa kwanza. Akavuta kiti mbele, akanyoosha mkono hadi karibu na mguu wa kulia.

Ilikuwepo. Kishimo kidogo cha duara kwenye vanishi. Na kando yake, kingine, kilichoburuzwa.

"Mbona umeacha kuandika?" Mkaguzi aliuliza. "Mkono wako huko chini unafanya nini?"

"Mzee." Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Hii meza niliimaliza mimi."

"Mama, nina mafaili arobaini—"

"Chini yake, karibu na mguu wa kulia wa upande wangu, kuna alama ya kidole gumba. Ya kulia. Ni desturi ya karakana yetu, fundi wa mwisho hubonyeza vanishi ikiwa mbichi. Ziko mbili. Ya kwanza nzuri. Ya pili imeburuzwa kwenda kushoto, kwa sababu nilipiga chafya nikiwa bado sijaondoa mkono, na Fundi Mkuu akanifokea mpaka saa ya kwenda nyumbani. Ni miaka kumi na moja sasa. Wakati huo vidole vyangu vilikuwa na mistari."

Mkaguzi alimtazama. Halafu akaitazama meza yake, kama mtu aliyeambiwa kwamba mkewe anajua kuogelea.

"Kama ni uongo," alisema, "umejiongezea kosa."

"Tazama, mzee."

"Unataka niiname? Na mgongo huu?"

Kama alama ile ni ya fundi mwingine, kama chafya ile ilikuwa kwenye meza nyingine kati ya zile sita, amekwisha. Alimwona mzee akiusogeza mto wake, akashuka goti moja, akaguna, akashuka la pili, akaingia chini ya meza yake mwenyewe na simu mkononi, mpaka akabaki kisigino na soksi moja yenye tundu.

Saa ya ukutani ilipiga hatua zake. Chini kukamulika taa ya simu, mara moja, mara ya pili.

"Ya pili imeburuzwa," sauti ilisema kutoka chini.

"Kwenda kushoto."

"Kushoto, ndiyo."

Alitoka akiwa na utando wa buibui kwenye nywele, uso umejaa damu. Hakukaa. Aliiweka simu kando ya kompyuta, akaikuza picha, na hapo Msasa akaona jambo ambalo hakulitegemea: yule mzee aliyechoka akaondoka, akaja fundi. Aliinama mbele ya picha zile mbili, akahesabu mistari kwa ncha ya kalamu huku midomo ikicheza, akarudi mwanzo, akahesabu tena. Alitafuta mahali mistari inapogawanyika, akagonga kioo, akatafuta palepale kwenye simu. Msasa aliijua kazi ile. Ni kuwinda vibanzi.

Dakika zilipita, na kila moja ilimkaa kifuani.

"Kumi na mbili," Mkaguzi alisema mwisho. "Zinaoana mahali kumi na mbili. Na ulinitajia chafya kabla sijainama. Sasa naamini." Akakaa, polepole, mkono mmoja kiunoni. "Miaka tisa nimekaa na hii meza. Miaka tisa, mwenye alama amelala mbele ya magoti yangu."

Aliandika kwenye faili. Msasa aliweza kulisoma neno likiwa kichwa chini: *Imethibitishwa.* Mkaguzi alifungua droo, akatoa muhuri, akaupulizia, akauinua. Ukasimama hewani.

"Malizia barua."

"Barua gani, mzee?"

"Ya radhi. Umebakiza neno moja na sahihi."

"Si umeshaamini?"

"Nimeamini. Lakini faili limeingia humu, na faili haliondoki humu bila barua. Ni utaratibu tu, mama. Kila mtu anaandika. Andika, uchukue kitabu chako kesho asubuhi, ukamwone mtoto."

Karatasi ilikuwa mbele yake. *Nakiri kwamba niliharibu alama za vidole vyangu kwa maku.* Silabi mbili tu. Muhuri ulikuwa pale, karibu kiasi kwamba aliweza kunusa wino. Alimfikiria Njiti, akaishika kalamu. Kisha akamfikiria mwalimu aliyekufa kwa mwandiko mzuri. Leo huyu mzee anaamini. Kesho atastaafu, na faili litabaki, na siku nyingine, kwenye kioo kingine, mtu mwingine aliyechoka atalifungua, atakuta sahihi yake chini ya neno *makusudi*, na Njiti atakuwa upande wa pili wa kioo tena.

Aliiweka kalamu chini. Ikaviringika mpaka mwisho wa uzi wake.

"Mzee, naogopa," alisema. "Tazama mikono yangu. Naogopa mpaka mifupa inapiga kelele. Ukikataa kupiga huo muhuri sina pa kwenda. Lakini hiyo siandiki. Nimevisugua vidole vyangu kwenye vitanda mnavyolala na viti mnavyokalia. Nimevisugua kwenye meza hii ili shati lako lisishikwe na kibanzi. Jana nilivisugua ili nisiwachafulie mashine. Niseme nimekosa nini?"

"Nikiulizwa na wakubwa? Faili lililotoka humu halina barua?"

"Andika wewe. Andika kwamba vidole vyake vimeliwa na kazi, ikiwemo kazi ya meza ya chumba namba tisa. Andika kwamba ulihakikisha kwa macho yako. Na andika kwamba alitakiwa kuomba radhi, akakataa."

Mkaguzi alibaki na muhuri hewani. Nje, mwalimu alikohoa tena. Saa ilipiga hatua zake, tisa, kumi, kumi na moja. Msasa alizihesabu kama Njiti anavyohesabu usiku. Kisha mzee akaushusha muhuri kando, akachukua kalamu yake mwenyewe, isiyofungwa kwa uzi, akaanza kuandika, akisoma kwa sauti ya chini kama mtu anayeandikiwa darasani.

"Vimeliwa na kazi... ikiwemo kazi ya meza... nimehakikisha mwenyewe kwa macho yangu..." Akajinyoosha kidogo, akaupapasa mgongo. "Na kwa mgongo wangu," aliongeza, akaandika na hilo pia.

Muhuri ukashuka. Meza ndefu ya mbao ngumu ikaupokea bila kuyumba.

"Kesho saa mbili, dirisha la nne," alisema. Kalamu ilikuwa bado mkononi, juu ya mstari wa mwisho. "Sasa hapa. Alitakiwa kuomba radhi, akakataa. Niandike hivyohivyo? Ukitaka kubadilisha, nafasi ni hii."

Msasa alisimama. Aliichukua ile karatasi yenye neno lililokatika, akaikunja mara nne, akaitia kwenye soksi, mahali pa pasipoti.

"Andika hivyohivyo, mzee," alisema. "Siombi radhi."